Antibayotiki na chakula: kwa nini nyingine zinakatazwa maziwa na nyingine hazijali?

#1 Kiguu_na_Njia

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba wenye uelewa wanisaidie, maana kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Nimeandikiwa doksisaiklini, kapsuli za miligramu 100, moja asubuhi na moja jioni. Aliyenipa dawa ameandika kwenye bahasha kwa kalamu nyekundu USINYWE NA MAZIWA, akapigia na mstari. Basi, imeishia hapo. Hakusema ni kwa nini wala ni kwa muda gani.

Sasa najiuliza: ni maziwa peke yake, au hata mtindi na jibini? Nikinywa maziwa mchana, ile niliyomeza asubuhi inaharibika? Ndugu yangu naye anatumia amoksilini na kaambiwa ameze na chochote anachotaka, hata hayo maziwa. Zote si antibayotiki?

Halafu kuna vidonge vya kuongeza damu ninavyotumia tangu mwezi uliopita, hivyo hakuna aliyeviulizia. Na siku hizi kiungulia kinanisumbua, kwa hiyo natafuna vile vidonge vya kutuliza asidi.

Msiniambie tu "nenda kwa daktari". Nitaenda. Ila nataka niende nikiwa najua cha kuuliza.

#2 Mzee wa Hoja

Nimeshavuta kiti, ngoja waje wataalamu. Mimi tangu utoto najua maziwa yanazimua dawa ya aina yoyote, ndiyo maana aliyekunywa sumu alikuwa anakimbiziwa maziwa.

#3 Mama_Wawili

Hiyo ya kila dawa siyo kweli mzee wangu. Mdogo wangu wa mwisho alipewa amoksilini ya maji, na karatasi iliyokuwa ndani ya boksi inaruhusu kabisa kuchanganya dozi ya mtoto na maziwa au juisi, mradi anywe yote papo hapo, asibakize. Na kuhusu sumu, watu wa afya siku hizi hawashauri kumnywesha mtu maziwa kiholela. Tusije tukaua mtu humu.

#4 Mfamasia_Zamu

Mkuu Kiguu_na_Njia, aliyekuandikia bahasha amekuonya juu ya mdogo akawaacha wakubwa wawili. Kwa doksi, maziwa ndiyo tatizo dogo kabisa katika vyote ulivyotaja. Vidonge vya kuongeza damu, ambavyo ni chuma, na vya kiungulia ndivyo vya kuangalia kwa makini.

Doksi ni ya ukoo wa tetrasaiklini. Molekuli za ukoo huo zina sehemu zenye oksijeni zilizokaa jirani jirani, na sehemu hizo zinapenda kushika madini: kalsiamu, magnesiamu, chuma, zinki, aluminiamu. Dawa ikishikana na madini tumboni kunatokea kitu kisichoyeyuka vizuri na kisichopenya ukuta wa utumbo. Umeimeza, lakini damuni haifiki. Inashuka na chakula hadi inatoka chooni. Kwa hiyo hapo hakuna sumu wala madhara ya ghafla, unachopata ni dozi pungufu bila wewe kujua, na vijidudu navyo vinapata nafasi ya kuizoea dawa.

Sasa tuje kwenye vipimo. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina kalsiamu kama miligramu 300. Kwa tetrasaiklini yenyewe, ile kongwe yenye jina la ukoo, kiasi hicho kinaweza kuzuia nusu ya dawa au zaidi isiingie damuni. Doksi ilikuja baadaye, iliruhusiwa Marekani mwaka 1967, na tofauti yake ni kwamba inayeyuka kwenye mafuta kirahisi zaidi na inashika kalsiamu kwa ulegevu. Chakula au maziwa huipunguza kwa takriban asilimia 20 tu. Ndiyo maana maelezo rasmi ya doksi ya huko Marekani yanasema wazi kwamba ikikusumbua tumbo unaweza kuimeza pamoja na chakula au maziwa.

Mimi dirishani bado namwambia mgonjwa aache maziwa, mtindi na jibini kwa muda wa saa mbili kabla na baada ya kapsuli, kwa sababu kungoja hakumgharimu kitu. Lakini ya mchana kunywa bila wasiwasi, ile ya asubuhi ilishaingia zamani. Na siku ukijisahau ukanywa kwa pamoja, usimeze kapsuli ya pili kufidia.

Maswali mawili kwako kabla sijaendelea. Hicho kiungulia kilianza kabla ya doksi au baada? Na ile ya jioni unaimezaje?

#5 Mzee wa Hoja

Hapo ndipo ninapowashangaa ninyi watu wa dawa. Wamarekani wanasema ruksa na maziwa, bahasha inasema marufuku kwa wino mwekundu, na wewe unasema katikati. Mgonjwa amsikilize nani?

#6 Mfamasia_Zamu

Swali la haki mzee. Katazo la maziwa liliwekwa kwa ajili ya tetrasaiklini kongwe, na huko lilikuwa sahihi mia kwa mia. Doksi ilipokuja ikarithi onyo la ukoo mzima. Ukiwa na foleni mbele yako, sentensi moja fupi kwa ukoo wote ni rahisi kuliko kumweleza kila mtu asilimia.

Sina ugomvi na sentensi fupi. Ugomvi wangu ni kuchagua maziwa na kuacha chuma. Kama nafasi kwenye bahasha inatosha kitu kimoja tu, kwa doksi mimi ningeandika "mbali na vidonge vya damu na vya kiungulia".

#7 Kiguu_na_Njia

Asante sana mkuu, umenifungua macho. Kiungulia kimeanza baada ya dawa, kabla sikuwa nacho. Ya jioni nameza nikiwa kitandani tayari, kwa funda la maji lililobaki kwenye kikombe, halafu nalala. Maumivu yenyewe yapo nyuma ya mfupa wa kifua, na nikimeza tonge nalihisi likipita pale.

#8 Mfamasia_Zamu

Nilihisi hivyo. Mkuu, hicho siyo kiungulia cha kula ukashiba sana. Kuna uwezekano mkubwa kapsuli inakwama njiani.

Lile ganda la kapsuli likilowana kidogo linanata. Ukilimeza na funda moja kisha ukalala chali, linaweza kuganda kwenye ukuta wa umio badala ya kufika tumboni, likafungukia hapo hapo. Unga wa doksi ukiyeyuka ni wenye asidi kali, unachubua nyama laini ya umio na kuacha kidonda. Ni tatizo linalojulikana sana kwa dawa hii, na karibu kila mara ukiuliza utasikia maneno yale yale: maji kidogo, muda wa kulala.

Sasa tazama mzunguko ulioingia. Doksi inakuunguza umio kwa sababu ya namna unavyoimeza. Wewe unatafuna kidonge cha kutuliza asidi, ambacho kwa kawaida kina aluminiamu, magnesiamu au kalsiamu. Madini hayo yanaikamata doksi. Umebaki na kidonda cha dawa huku dawa yenyewe ikikupita.

Kuanzia leo:

Ya jioni imeze wakati wa chakula cha jioni, siyo kitandani. Glasi nzima ya maji, uwe umekaa wima au umesimama, na usilale kwa angalau nusu saa. Saa nzima ni bora zaidi. Chakula kidogo kisicho na maziwa kinasaidia kuisukuma na kupunguza kichefuchefu.

Na kwa kuwa unasikia maumivu ukimeza, hilo lipeleke kwa daktari sasa, usisubiri dozi iishe. Anaweza kukubadilishia dawa au kukupa ya kupunguza asidi isiyo na madini hayo, mfano omeprazoli. Ukianza kushindwa kumeza kabisa, ukitapika damu au choo kikawa cheusi, hiyo ni dharura. Ila elewa vidonge vya damu navyo vinatia choo weusi, mwambie daktari kwamba unavitumia.

#9 Chondechonde

Jamani kumbe! Mimi kila dawa nameza na mate. Asanteni kwa uzi huu.

#10 Kemia_Tamu

Naongezea kwenye chuma, maana Mfamasia amekigusa juu juu na ndicho kibaya kuliko vyote.

Tetrasaiklini zinashika chuma kwa nguvu kuliko zinavyoshika kalsiamu. Kidonge cha kawaida cha feras salfeti cha miligramu 200 kina chuma halisi kama miligramu 65. Ukikilinganisha na glasi ya maziwa, madini ni machache, lakini madhara kwa dawa ni makubwa zaidi.

Kwa doksi kuna jambo la ziada ambalo wengi hawalijui. Dawa hii ikishaingia damuni haikai huko tu. Sehemu yake inarudishwa tena kwenye utumbo, na kutoka hapo inafyonzwa upya. Mzunguko huo ni sababu mojawapo inayoifanya idumu mwilini, kiasi kwamba nusu yake bado ipo baada ya saa 16 hadi 22. Sasa chuma kikiwa utumboni, kinainasa ile inayorudi. Watafiti waliwahi kuwapa watu doksi kwa sindano ya mshipa, yaani haikupita tumboni kabisa, kisha wakawapa vidonge vya chuma vya kumeza. Bado dawa iliisha damuni haraka kuliko kawaida.

Maana yake ni kwamba kwa doksi, kutenganisha chuma kwa saa mbili tatu kunasaidia, ila hakumalizi tatizo.

#11 Kiguu_na_Njia

Kwa hiyo vidonge vya damu niviache kabisa?

#12 Mfamasia_Zamu

Kemia_Tamu yuko sahihi. Muulize aliyekuandikia vidonge vya damu kama vinaweza kusubiri doksi iishe. Kwa mtu mzima mwenye upungufu wa kawaida, dozi fupi ikipita kisha ukaendelea na chuma, mara nyingi daktari hana shida na hilo, kwa kuwa kujaza akiba ya chuma ni kazi ya miezi. Lakini kuna watu ambao damu yao iko chini sana na hawawezi kusimamisha, hao watabadilishiwa antibayotiki. Usiamue peke yako.

Na kama ni mjamzito mwingine anasoma hapa kwa sababu na yeye anatumia vidonge vya damu: doksi kwa kawaida haipewi wajawazito. Sema hali yako kabla hujapokea dawa.

#13 Kemia_Tamu

Sababu mojawapo ya hilo la wajawazito na watoto wadogo ni kemia ile ile tunayoizungumza. Kalsiamu haipo kwenye maziwa tu, ipo kwenye meno na mifupa inayokua. Tetrasaiklini inajibandika humo, na jino linaota likiwa na rangi ya njano au kahawia isiyosugulika. Ndiyo maana madaktari wamezoea kuziepuka kwa watoto walio chini ya miaka 8.

Nje ya mada kidogo, mtanisamehe. Mwaka 1980 watafiti waliokuwa wakichunguza mifupa ya watu wa kale wa Nubia, kaskazini ya Sudani, walichapisha jambo la ajabu: mifupa ya miaka kama 350 hadi 550 baada ya Kristo iling'aa chini ya taa maalumu kwa rangi ile ile ya kijani-njano inayotolewa na tetrasaiklini. Mmoja wao ni mwanaanthropolojia George Armelagos. Mwaka 2010 yeye na mwanakemia Mark Nelson wakathibitisha kwa vipimo vya kemia kwamba ni tetrasaiklini kweli. Maelezo yao ni kwamba watu wale walikuwa wanainywa kwenye pombe ya nafaka, nafaka yenyewe ikiwa imeingiliwa na bakteria wa udongo wa jamii ya Streptomyces, ambao ndio wanaotengeneza dawa hii kiasili. Yaani dawa iligunduliwa maabara miaka ya 1940, na kalsiamu ya mifupa ilikuwa imeishikilia karne kumi na tano.

#14 Mzee wa Hoja

Kumbe pombe ni dawa! Nimeipenda hiyo, nitaitumia kwenye vikao.

#15 Mama_Wawili

Mzee, pombe ya kale yenye bakteria wake. Siyo hiyo unayoifikiria wewe.

#16 Zamaradi

Mimi niko kwenye siprofloksasini, si doksi. Na mimi nimeambiwa hayo ya maziwa. Ila tatizo langu ni jingine: tangu nianze dawa, kikombe changu cha kahawa cha asubuhi kinanitetemesha mikono na moyo unakwenda mbio. Nimekunywa kahawa maisha yangu yote bila shida. Ni dawa au ni mimi?

#17 Mfamasia_Zamu

Ni dawa, dada Zamaradi. Kafeini inavunjwavunjwa na kimeng'enya kimoja cha ini, na sipro inakizuia kimeng'enya hicho kufanya kazi. Kikombe kile kile kinakaa mwilini muda mrefu zaidi, na cha pili kinakikuta cha kwanza bado kipo. Matokeo ndiyo hayo: mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, usingizi kugoma. Punguza au acha kahawa mpaka dozi iishe, na usisahau chai iliyokolea, kola na vinywaji vya kuongeza nguvu, vyote vina kafeini. Mapigo yakiendelea hata bila kahawa, rudi ukaonwe. Levofloksasini ni ya ukoo huo huo, lakini yenyewe kafeini haiigusi sana.

Kuhusu maziwa, kwako wewe katazo lina uzito kuliko kwa Kiguu_na_Njia. Maziwa au mtindi peke yake hupunguza sipro inayoingia damuni kwa karibu theluthi moja. Juisi zilizoongezwa kalsiamu nazo zimo, soma boksi. Cha kushangaza ni kwamba mlo kamili ambao ndani yake kuna maziwa kidogo hauzuiwi. Kinachokatazwa ni kushushia kidonge kwa glasi ya maziwa, au kula mtindi mtupu pamoja na dawa. Dawa za kiungulia zenye aluminiamu au magnesiamu, chuma na zinki ni mbaya zaidi: sipro imezwe saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Ndiyo, sita.

#18 Nukta

Kuna kitu hakijaguswa, hii "meza tumbo likiwa tupu". Mimi nilipewa ampisilini mara nne kwa siku, nikaambiwa tumbo tupu. Tumbo tupu mara nne nitalitoa wapi? Kwangu tumbo tupu ni alfajiri tu kabla ya kifungua kinywa.

#19 Mfamasia_Zamu

Hahaha, hili nalisikia kila wiki. Tumbo tupu kwa lugha ya dawa ni saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Basi. Kwa hiyo ukila saa saba mchana, saa sita unaweza kumeza, na ukishapita saa tisa pia unaweza. Katikati ya hapo usiimeze dawa. Maji ruksa, na maji ndiyo kinywaji salama kwa karibu kila antibayotiki.

Ampisilini, kloksasilini na flukloksasilini ziko kwenye kundi hili, chakula kinazipunguza. Amoksilini imetengenezwa kwa kuibadili ampisilini kidogo tu, na mabadiliko hayo yakaifanya iingie damuni vizuri iwe na chakula au bila chakula, maziwa yakiwemo. Hilo ndilo jibu la swali la ndugu yake Kiguu_na_Njia. Penisilini na amoksilini hazina zile sehemu za kushika madini kama tetrasaiklini.

#20 Nukta

Na zipo zinazotaka chakula kwa lazima? Au hiyo ni ya kulinda tumbo tu?

#21 Mfamasia_Zamu

Zipo. Nitrofurantoini ya njia ya mkojo inaingia damuni zaidi ukiimeza na chakula, na kichefuchefu kinapungua pia. Sefuroksimu ya vidonge ni mfano mzuri: tumbo likiwa tupu inaingia kama asilimia 37, baada ya kula inafika kama 52. Mtu anayeimeza kwa njaa akidhani ndiyo nidhamu anapoteza dawa. Amoksilini iliyochanganywa na klavulanati inamezwa mwanzoni mwa mlo. Azithromaisini inategemea umbo, kapsuli zinataka tumbo tupu, vidonge havijali.

Ndiyo maana sipendi mtu akiuliza "antibayotiki inamezwa na nini?" bila kutaja jina. Hakuna jibu moja. Taja jina, na useme ni kapsuli au ni kidonge.

#22 Mzee wa Hoja

Turudi kwenye pombe. Flagyl na bia moja, moja tu, kuna shida gani?

#23 Mfamasia_Zamu

Nilijua utarudi huko mzee wangu. Metronidazoli, hiyo unayoiita Flagyl, maelezo yake yanakataza pombe wakati wote wa dozi na baada ya kumaliza pia: Marekani wanasema siku tatu, Uingereza saa 48. Kinachoogopwa ni uso kuwaka moto, kichwa kuuma, kutapika na moyo kwenda mbio. Wapo watafiti wanaotilia shaka kama hilo hutokea mara nyingi kama inavyosemwa, na kuna jaribio lililofanyika Ufini ambalo halikuliona kabisa. Lakini maelezo ya dawa hayajabadilika, na mimi siwezi kukuambia ujipime kwenye baa. Tinidazoli hivyo hivyo, saa 72.

Kumbuka na dawa za maji za kikohozi, baadhi zina alkoholi ndani. Kwa doksi, bia moja siyo tatizo kubwa, ila mnywaji wa kila siku ini lake huiondoa doksi haraka kuliko kawaida.

#24 Mama_Wawili

Swali langu na mimi. Tunaambiwa antibayotiki zikileta kuhara tule mtindi kurudisha bakteria wazuri. Tena hapo juu mmekataza mtindi. Tushike lipi?

#25 Kemia_Tamu

Yote mawili dada, kwa saa tofauti. Mtindi una kalsiamu, kwa hiyo kwa doksi na sipro uwe mbali na dozi. Na kuna sababu ya pili kwa antibayotiki zote: bakteria walio hai kwenye mtindi nao wanauawa na dawa wakikutana nayo. Mtindi wa katikati ya dozi mbili unawapa nafasi nzuri zaidi. Vile vidonge vyenye hamira ya Saccharomyces boulardii vina unafuu, kwa sababu hamira ni jamii ya kuvu na antibayotiki za bakteria haziiui.

Sitaki kuukuza mtindi kupita kiasi lakini. Unaweza kumsaidia mtu, mwingine usimsaidie chochote. Kuhara kwa maji mara nyingi kwa siku, kuhara damu, au homa pamoja na tumbo kuuma sana, hayo hayasubiri mtindi, hata kama yametokea wiki kadhaa baada ya dozi kuisha. Kuna bakteria anayeitwa C. difficile anayetumia nafasi hiyo na anahitaji tiba yake.

#26 Chondechonde

Na matunda? Kuna mtu aliniambia balungi linagombana na dawa.

#27 Kemia_Tamu

Balungi linagombana na dawa nyingi kweli, za shinikizo la damu na za kolesteroli baadhi yake. Kwa antibayotiki nyingi za kawaida halina neno. Erithromaisini ndiyo inaweza kupanda damuni ukilichanganya nalo, basi liache mpaka umalize.

#28 Kiguu_na_Njia

Mrejesho wakuu. Nimeonana na daktari. Doksi naendelea nayo, ameniongezea omeprazoli, vidonge vya damu amesema vingoje, vya kutafuna niache. Nimepanga hivi, naomba mnikosoe:

Saa moja asubuhi doksi na chakula kidogo, glasi nzima ya maji, natembeatembea. Maziwa na mtindi saa saba mchana. Saa moja jioni doksi na chakula, maji glasi nzima. Kulala saa nne. Multivitamini nameza asubuhi pamoja na doksi ili nisiisahau.

#29 Mama_Wawili

Pole kwa maumivu, na hongera kwa kwenda. Ongeza na kofia: doksi inafanya ngozi iungue haraka na jua, usijianike mchana.

#30 Mfamasia_Zamu

Ratiba ni nzuri isipokuwa mstari wa mwisho. Geuza kichupa cha hiyo multivitamini usome orodha iliyo nyuma. Nyingi zina chuma, zinki, magnesiamu na kalsiamu, vyote kwenye kidonge kimoja. Ukikuta chuma humo, nayo ingoje pamoja na vile vidonge vya damu. Ukikuta hayo mengine bila chuma, isogeze saa saba uimeze na maziwa yako.

#31 Kiguu_na_Njia

Nimesoma. Chuma miligramu 14, zinki miligramu 10. Nimeirudisha kabatini.